Kompyuta za zamani zisitupwe ovyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe dukuduku langu kuhusu tabia iliyozuka ya kutupa kompyuta kwa madai kwamba zimechoka.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Shuleni kwetu tunazo kompyuta 6 zenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 kila moja, zinazoendeshwa kwa Linux. Kila tulipowaonyesha wanafunzi filamu za masomo, picha zilikwama na sauti ikakatika. Fundi tuliyemwita alisema tununue mpya. Fedha hizo tungezitoa wapi, nasi hata madawati hayatutoshi?

Tukafungua programu ya top, ambayo huonyesha kila programu inakula nguvu kiasi gani. Tuligundua mambo matatu.

Kwanza, GNOME pamoja na madoido yake ilikuwa inameza kumbukumbu nyingi mno. Tukaweka Xfce, iliyo nyepesi, na kuzima madoido ya madirisha.

Pili, prosesa ilihangaika peke yake kufungua filamu, ilhali chipu ya picha, iliyoundwa kwa kazi hiyo hiyo, ilikaa bure. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi! Programu ya mpv haiitumii chipu hiyo mpaka iagizwe, kwa hiyo tukaandika hwdec=auto katika faili lake la mipangilio.

Tatu, PipeWire hupeleka sauti kwa mafungu. Katika sampuli 48,000 kwa sekunde, fungu la sampuli 64 huiamsha prosesa mara 750 kila sekunde. Fungu la 1,024 huiamsha mara 47 tu. Mtu fulani alikuwa ametuwekea mafungu madogo, ambayo humfaa anayerekodi muziki, si anayesikiliza somo.

Leo filamu zinakwenda bila kukwama, na hatukutumia hata senti moja. Sisemi kwamba mashine mpya hazina maana. Chipu za zamani hazifungui filamu za AV1, na hizo hatuna budi kuzigeuza kwanza ziwe H.264.

Ombi langu kwa wakuu wa shule na ofisi ni hili: kabla ya kuandika barua ya kuomba fedha za mashine mpya, pimeni kwanza nguvu za mashine mlizo nazo zinaliwa na nini. Huenda mashine si mbovu, ila imebebeshwa mzigo usio wake.

Mwalimu wa Sekondari,
Morogoro.