Lantana Isipewe Hifadhi

Mwanafunzi wa Kyumbi aanzapo bustani kivulini mwa miti, huvutiwa na maua ya lantana, akayaacha yastawi. Hilo ni kosa. Mmea huo uliletwa kutoka nchi za joto za Amerika uwe pambo na ua; leo umevamia malisho. Wakati wa kiangazi nyasi zikiadimika, mifugo huyala majani yake, yenye sumu iharibuyo ini. Ndege nao hula matunda na kutawanya mbegu. Kuufyeka tu hakutoshi, kwani kisiki huchipua upya. Yafaa walimu wawaongoze wanafunzi kuung'oa pamoja na mizizi kabla haujazaa, kisha wapande miche ya kienyeji mahali pake. Mdharau mwiba, guu huota tende.