Maoni Yetu: Lipeni mti uliovuka kiangazi

Fedha za ruzuku ya kutunza misitu zipo, kwa hiyo tusianze na kilio cha kwamba Serikali haina kitu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliunda Mfuko wa Misitu Tanzania, mfuko ukaanza kazi miaka kadhaa baadaye, na sehemu ya ada na mrabaha unaotozwa kwenye mazao ya misitu huingia humo. Kikundi cha wafuga nyuki, asasi, hata mtu mmoja anaweza kuandika andiko akaomba. Na ni ruzuku, si mkopo.

Shida yetu ni kile tunachokinunua. Tunanunua siku ya kupanda. Andiko la kawaida la kikundi lina miche, viriba, mbolea, usafiri, na hazikosekani fulana. Tafuta mstari wa maji ya kumwagilia mwezi Agosti, au posho ya mtu wa kufukuza mbuzi. Mara nyingi huuoni.

Mkazi wa Nzuguni, hapa Dodoma, hahitaji semina kuelewa kinachofuata. Mvua yetu ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili mwaka ukiwa mzuri, na kwa wastani haizidi milimita 600. Mche uliopandwa Februari unanyeshewa miezi miwili, kisha unaachiwa jua, upepo na mbuzi mpaka mwisho wa mwaka. Oktoba ukipita pale unakuta vijiti. Msimu ukirudi, mashimo yanachimbwa palepale, anakuja mgeni rasmi mwingine na hotuba ni ileile. Kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani ilizinduliwa 2017, na kila halmashauri nchini imepewa lengo la miti milioni 1.5 kwa mwaka. Kama miche yote inayotajwa kwenye ripoti ingekuwa hai, leo tungetoka stendi kuu ya mabasi hadi viwanja vya Nanenane tukitembea kivulini.

Dawa yake kila mtu hapa anaijua, kwa sababu nusu ya Nzuguni ni watu wanaojenga. Hakuna anayemkabidhi fundi fedha zote kwenye msingi. Unalipa msingi, unakagua. Unalipa boma likifika lenta, unakagua. Ndipo mnaongea habari za kupaua. Ruzuku ya miti itolewe hivyo. Fungu la kwanza linunue miche, maji na uzio wa miiba. La pili litoke Oktoba, baada ya kuhesabu miti iliyo hai. La mwisho litoke Oktoba ya mwaka unaofuata.

Wanaohesabu wawe afisa misitu na mtendaji wa mtaa, na idadi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa. Ripoti iliyofungiwa kwenye faili inaweza kusema lolote. Kudanganya idadi ya miti mbele ya watu wanaopita hapo kila siku ni kazi ngumu zaidi.

Tutaambiwa vikundi vya kina mama na vijana havina mtaji wa kusubiri. Ni kweli, na ndiyo maana fungu la kwanza linapaswa kutosha kumaliza kiangazi, liwe na ujira wa mwangalizi, na liwafikie kabla ya mvua za kwanza. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mpaka Novemba kuna muda wa kutosha kusoma andiko la kurasa chache.

Kuna njia nyingine ya bei ndogo kuliko zote, nayo tunairuka. Mashamba na vilima vya Dodoma vimejaa visiki ambavyo mizizi yake bado iko hai chini. Vinachipua kila mvua, nasi tunavifyeka kila tunapoandaa shamba. Wakulima wengi wa mkoa huu wameshafundishwa kisiki hai, kazi ambayo taasisi ya LEAD Foundation imeieneza kwa miaka kadhaa: unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogolea mengine, unaweka alama ya kitambaa, unayalinda. Mzizi ulikwisha kufika kwenye unyevu zamani, kwa hiyo hakuna kumwagilia. Kifaa ni panga.

Kwa nini basi ruzuku haikimbilii huko? Tunadhani ni kwa sababu kisiki hakina sherehe. Hakuna mgeni rasmi anayepigwa picha akipogolea kichaka.

Waliozeeka wanakumbuka HADO, mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza 1973 kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye maeneo ya Kondoa yaliyokuwa yamebaki makorongo matupu. Wafugaji waliumia, na hatusemi amri ile irudiwe. Ila uoto ulirudi, na kwa sehemu kubwa ulirudi wenyewe, kwa sababu ardhi iliachwa ipumzike na mtu alikuwepo wa kuilinda. Ulinzi ndio ulioleta matokeo, na ulinzi ndio tunaoukata kwanza kwenye bajeti.

Kulinda uoto si jambo la mapambo. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili hutoka ardhini, kwenye visima vya Mzakwe na sasa vya hapahapa Nzuguni. Mvua inayoteremka kwenye kilima kitupu inakimbilia korongoni na kubeba udongo. Haina muda wa kuzama.

Kwa hiyo kikundi kinachoandaa andiko sasa kiweke mstari wa maji, mstari wa mwangalizi na mstari wa visiki. Afisa atakayelipitia asiikate mistari hiyo ili kupunguza gharama. Akitaka kupunguza, aanze na fulana.