Saratani ya mapafu: asilimia inayoamua dawa

Mgonjwa anayegunduliwa kuwa na saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa, katika hospitali kubwa za Ulaya au Marekani, hupewa siku hizi tarakimu pamoja na habari hiyo mbaya. Tarakimu hiyo ni asilimia ya chembe za uvimbe wake zenye protini iitwayo PD-L1. Mara nyingi ndiyo inayoamua ataanza na dawa gani, na familia nyingi huipokea kama hukumu.

Hukumu lakini siyo.

Protini hiyo ni hila ya uvimbe. Askari wa kinga ya mwili wana kipokeo kiitwacho PD-1, kilichogunduliwa mwaka 1992 katika maabara ya Profesa Tasuku Honjo wa Japan, aliyetunukiwa Nobel mwaka 2018. PD-L1 inapokigusa, askari hupoa na kuuacha uvimbe ukiendelea. Dawa kama pembrolizumab huzuia mguso huo.

Mwaka 2016 utafiti wa wagonjwa 305, wote wenye PD-L1 ya asilimia 50 au zaidi, ulionyesha kwamba waliopewa pembrolizumab waliishi muda mrefu kuliko waliopewa tibakemikali. Baada ya miaka mitano, karibu 32 katika kila mia walikuwa hai, dhidi ya 16. Mwaka huohuo dawa ya jamii ileile, nivolumab, ilishindwa kuipiku tibakemikali. Safari hii kizingiti kilikuwa asilimia 5 tu, na hiyo ikawa moja ya sababu zilizotajwa.

Hata hivyo, wapo wenye asilimia kubwa wasionufaika na wapo wasio na protini hiyo kabisa wakanufaika. Kipande cha nyama kinachopimwa ni kidogo, na upande mwingine wa uvimbe huohuo waweza kutoa jibu tofauti.

Historia ilikwisha kutoa onyo. Dawa ya vidonge ya gefitinib iliporuhusiwa Japan mwaka 2002, ilidhaniwa kuwa wenye wingi wa protini ya EGFR ndio watakaofaidika. Wingi huo haukuwa kiongozi wa kuaminika. Mwaka 2004 watafiti wa Boston waligundua kuwa siri imo katika hitilafu ya jeni inayoiunda protini hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanyika Asia ya Mashariki, ukathibitisha: kwa wenye hitilafu vidonge viliushikilia ugonjwa muda mrefu kuliko tibakemikali, kwa wasio nayo mambo yalikuwa kinyume kabisa. Na mwenye hitilafu hiyo, hata PD-L1 yake ikiwa juu, kwa kawaida hanufaiki sana na dawa ya kinga. Anayesoma asilimia peke yake, bila kipimo cha jeni, huenda akapotea njia.

Shirika la Afya Duniani, WHO, liliingiza erlotinib, dawa ya jamii ya gefitinib, katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Mwaka 2025 likaongeza pembrolizumab kwa saratani hii. Ni hatua ya maana, ingawa orodha hainunui dawa, wala haiwasomeshi wataalamu wa kusoma vipande vya nyama chini ya darubini. Katika nchi nyingi za Afrika mgonjwa hutibiwa kwanza kifua kikuu, kwa kuwa kikohozi na kukonda hufanana, na saratani inapojulikana imekwisha kuenea.

Ndipo simu inapopigwa Muscat, Leicester au Minneapolis: zinatakiwa fedha za dawa mpya. Ndugu huchanga, na uchungu wao hauhitaji maelezo. Lakini kabla ya dawa inayodungwa kila baada ya wiki tatu, kwa bei inayoweza kumaliza akiba ya ukoo mzima, swali la kwanza kwa daktari ni kama nyama ya uvimbe ilichukuliwa, ikahifadhiwa vizuri na kupimwa jeni pamoja na protini. Kipande hicho chaweza hata kusafirishwa kwenye maabara ya nchi nyingine, na mgonjwa akabaki nyumbani.