Mkojo Wangu Si Hati ya Mashtaka

Siku hizi ukisaka kazi, kabla hujaulizwa unajua nini, unapewa kikopo ukakojoe. Dereva wa basi apimwe, sina noma. Roho za abiria ziko mikononi mwake. Lakini mimi wa kuhariri maandishi?

Na kipimo chenyewe hakisemi vile mabosi wanadhani. Pombe ya Jumamosi, Jumatatu kipimo cha kawaida hakiioni. Bangi hukaa kwenye mkojo siku kadhaa, na kwa mvutaji wa kila siku, hata wiki kadhaa. Mlevi wa wikendi anapita. Aliyevuta kwake juzi anafeli, na hakuna anayejua nani ana stimu sasa hivi.

Ndiyo, bangi ni haramu kwa sheria ya 1994. Lakini hatia huamuliwa na korti, si ofisi ya kuajiri. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yangu, na sheria ya data ya 2019 inahesabu hali ya afya kuwa data nyeti. Basi uliza: nani ataona majibu? Yatawekwa wapi? Nikipinga, nitapimwa tena? Bosi asiye na majibu asinipe kikopo.