Somo la Ijumaa Saa Saba: Barua Yako Iko Wapi?



Kila muhula ni kilio kile kile. Ratiba imetoka, somo limewekwa Ijumaa saa sita hadi saa nane. Grupu la WhatsApp linawaka moto: "Wanatubagua!" "Hawatutaki hapa!" Ijumaa ikifika, wengine wanakosa somo kimya kimya, wengine wanakosa swala kimya kimya. Wiki ya nne hakuna anayeongea tena.

Sasa nakuuliza: barua iko wapi?

Haki unayo, na si hisani ya mkuu wa idara. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inakupa uhuru wa kuabudu, pamoja na kuadhimisha siku ya ibada. Inasema pia usinyimwe nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya dini yako. Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi unapogusa haki yako. Lakini utapewaje jibu la maandishi na wewe hujaandika kitu?

Tazama ndugu zetu Waadventista. Walikataa watoto wao kulazimishwa kusoma Jumamosi. Walishindwa Mahakama Kuu, hawakwenda kulia mtandaoni. Walikata rufaa, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikawapa haki yao. Walikuwa na karatasi mkononi. Sisi tuna skrinshoti.

Na hapa niseme ukweli unaouma. Ukiomba ruhusa ya Ijumaa halafu saa saba uonekane kibandani unakula chapo madondo, umewauzia wenzako haki yao. Mhadhiri akikuona mara moja, mwaka ujao dada anayeswali kweli ataambiwa, "Nyinyi ni waongo." Haki ya swala ni amana ya wote, usiitumie kama likizo. Ukikosa somo, tafuta noti na ulipe kazi uliyokosa. Usimpe mtu sababu ya kusema Uislamu ndio uliokufelisha.

Basi wiki hii fanyeni hivi. Kaeni na viongozi wa jumuiya yenu ya wanafunzi Waislamu. Andikeni barua ya ukurasa mmoja: somo gani, saa ngapi, wangapi wameathirika, na mnapendekeza saa gani badala yake. Wekeni majina na sahihi. Pelekeni kwa mkuu wa idara, nakala kwa mkuu wa wanafunzi, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, andikeni tena, kisha mwende kwa Ombudsman. Kulalamika pale ni bure.

Usisubiri mwenyekiti. Usisubiri sheikh. Wewe ndiye unayekaa katika lile darasa.

Wabillahi tawfiq.