Mpira wa Magongo Si Mchezo wa Binti Mwenye Njaa

Katika nyumba nyingi husemwa kwamba msichana akikimbia sana ataharibu kizazi. Wengine husema kinyume: binti wa michezo ana nguvu, hahitaji kuangaliwa. Sisi wauguzi hatukubali kauli zote mbili. Tutazame wanawake wa mpira wa magongo.

Walipoingizwa katika Olimpiki mara ya kwanza, Moscow mwaka 1980, dhahabu ilichukuliwa na Zimbabwe, timu iliyokusanywa majuma machache tu kabla ya mashindano. Siku hizi hakuna afikaye huko kwa kukurupuka. Waholanzi, waliotwaa dhahabu mwaka 2008, 2012, 2021 na 2024, hufanya mazoezi mwaka mzima.

Uwanja una urefu wa mita 91.40, na mechi ina vipindi vinne vya dakika 15. Mchezaji aweza kukimbia kilometa tano au zaidi, tena si mbio za mfululizo: anachomoka, anasimama ghafla, anageuka, anachomoka tena. Moyo hupiga kwa kasi kubwa mno, ndiyo maana wachezaji hupokezana, wakitoka kupumzika kidogo na kurudi. Haya yote hufanywa wakiwa wameinama. Gongo lina upande mmoja tu bapa wa kupigia, wala hakuna gongo la mashoto, hivyo mgongo hupindia upande ule ule siku zote. Mama aliyepalilia kutwa kwa jembe fupi ataelewa bila kuelezwa. Bila kuimarisha misuli ya tumbo, mgongo na mapaja, ataumia. Na kano za goti hukatika kwa wanawake zaidi kuliko kwa wanaume.

Lakini tunaloliogopa zaidi halionekani uwanjani. Mwili unaotumia nguvu nyingi kuliko chakula unachopata huanza kubana matumizi: hedhi hukatika, mifupa hudhoofika hata kupasuka. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa onyo juu ya jambo hili mwaka 2014. Wapo makocha wanaodhani hedhi ikikatika binti amekomaa kimichezo. Ni kosa kubwa. (Tena aulizwe kwanza kama ana mimba, tusioneane haya.)

Halafu kuna damu. Msichana hupoteza madini ya chuma kila mwezi, na mazoezi makali huongeza mahitaji yake. Apewe dagaa, maini, maharage na mchicha, pamoja na chungwa au pera. Chai isubiri saa moja baada ya chakula.

Tuliwahi kumpokea mwanafunzi wa sekondari aliyezimia mazoezini. Damu yake ilikuwa gramu 7. Nyumbani alikula mara moja kwa siku, na nyama iliwekwa kwa kaka zake. Tulimpa vidonge vya chuma na dawa ya minyoo. Baba yake alipouliza ni lini atarudi uwanjani, tulimwambia amlete kupimwa tena baada ya mwezi mmoja, na huku nyumbani agawiwe nyama sawa na kaka zake.