Ramani ya mafuriko inamtisha nani?

Najua nimeadimika, mtanisamehe bure, testi tatu ndani ya wiki moja si mchezo. Leo nina jambo limenikaa rohoni tangu nitoke TP, yale mazoezi yetu ya kufundisha, na nisipolisema nitapasuka.

Nilipangiwa sekondari moja hapa hapa Dar, kwenye kata ambayo nusu yake iko bondeni, jirani na Mto Msimbazi. Nikapewa Jiografia, kidato cha tatu, mada ya kusoma ramani. Mnaikumbuka ile? Unapewa kipande cha ramani ya mahali ambapo hujawahi kufika na pengine hutafika, unachukua uzi unapima urefu wa mto, unaangalia kontua unatafuta kilima, unaandika jibu, kwisha habari. Siku ya kwanza nikafundisha hivyo hivyo. Darasa likalala.

Siku ya pili nikaja na kompyuta yangu na bando la kuungaunga (boom lilikuwa bado). Nikafungua OpenStreetMap nikaenda mpaka kwenye kata yao. Jamani, walisimama wote! "Ticha, kuza hapo! Pale kwetu!" Nyumba moja moja imechorwa, vichochoro, mitaro, mpaka vidaraja vya miguu.

Kwa wasiojua, sehemu kubwa ya ramani ile ya Dar ilichorwa na wanachuo kama sisi. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Wanafunzi wa Mlimani na wa Ardhi wakaingia kwenye kata zinazofurika, kama Tandale, wakizunguka na wenyeji na vifaa vya GPS. Ndege zisizo na rubani zikapiga picha toka juu. Baadaye wenyeji wakaulizwa pia maji huwa yanafika wapi. Nani atalijua hilo kumshinda mama aliyepandisha godoro juu ya kabati?

Uzuri wa ramani ya namna hii ni kwamba unaipanga kwa tabaka. Chini unaweka miinuko ya ardhi, juu yake mitaro, juu yake nyumba, shule na zahanati, halafu unaweka sehemu ambazo maji yaliwahi kufika. Hapo unaweza kuiuliza maswali. Maji yakifika hapa, nyumba ngapi zimo ndani? Mjamzito akishikwa uchungu usiku, njia gani bado inapitika? Karatasi na uzi haviwezi kukujibu hayo.

Na majibu tunayahitaji kweli. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, na mvuke ule ukishuka unashuka kwa mkupuo. Jiji nalo limejaa: sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ardhi iliyokuwa inakunywa maji tumeifunika kwa zege na mabati. Desemba 2011 walikufa watu zaidi ya 40 hapa jijini, na watu wa hali ya hewa wakasema mvua kama ile haikuonekana tangu 1954. Aprili 2018 maji yakarudi. Aprili 2024 Waziri Mkuu akaliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchi nzima.

Sasa turudi darasani. Nilipoweka tabaka la maji, nusu ya kata ikawa nyekundu. Wavulana wa nyuma wakapiga kelele. Mmoja akanisahihisha kabisa: "Ticha, huo mtaro hapo haupo siku hizi. Wamejenga ukuta juu yake." Nikaandika pembeni. Nikajiona mwalimu bora wa mwaka.

Kipindi kilipoisha, binti mmoja wa mbele akabaki. Akaniambia taratibu, "Ticha, naomba usimwonyeshe mtu hiyo ramani. Wakiona kwetu pekundu watakuja kuweka X."

Nikakosa la kusema.

Mnaijua X. Ni ile inayopakwa ukutani kwa rangi nyekundu, na ukiiona unaanza kutafuta gari la kuhamisha vyombo. Mwisho wa mwaka 2015 bomoabomoa ilipita Bonde la Msimbazi, watu wakalala nje na watoto. Binti yule alikuwa mdogo sana wakati huo, lakini nyumbani mambo haya yanasimuliwa. Mimi nilimletea teknolojia, yeye akaona X.

Huwa tunapenda kusema watu wa mabondeni hawaelewi, waelimishwe. Nami nilikuwa nasema hivyo. Siku hizi siamini tena. Yule binti alielewa ramani kuliko mimi. Alijua kwamba ramani ya hatari ikitoka mkononi mwako na kuishia mezani kwa mtu mwingine, inaweza kugeuka orodha ya nyumba za kubomoa.

Lakini je, tuifiche? Hapana, na hapa ndipo ninapotofautiana naye. Kwanza, maji hayasomi ramani, yatakuja tu. Pili, wakubwa wanayo tayari. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi mkubwa wa Bonde la Msimbazi, na baadhi ya wakazi wakalipwa fidia wakaondoka. Mazungumzo ya namna hiyo yanafanyika juu ya ramani. Ukiificha, asiyeiona ni mama yake binti tu. Ataitwa kwenye mkutano wa mtaa kujadili nyumba yake kwa karatasi ambayo hajawahi kuisoma.

Na nisiwadanganye, kuna sehemu za bonde ambazo hazifai kulala mtu. Ramani inasema hivyo na ni kweli. Ila anayekuja na ramani ya kusema "ondokeni hapa" aje pia na ile inayoonyesha watu wanakwenda wapi, shule iko umbali gani, na fidia ni kiasi gani. Akija na moja tu, watu wana haki ya kuitilia shaka.

Ndiyo maana naona kazi hii ni yetu walimu. Mada ya kusoma ramani ipo tayari, hatuhitaji mtaala mpya. Tuanze na kata ya mwanafunzi mwenyewe, ya mbali ije baadaye. Bando ni ghali, simu darasani haziruhusiwi, sawa. Chapa ramani moja kubwa, bandika ukutani. Kila mwaka kabla ya masika wanafunzi wazunguke na kuweka alama: mtaro huu umeziba, kidaraja hiki kimekwenda na maji. Nakala moja ipelekwe ofisi ya serikali ya mtaa. Kule Jakarta, Indonesia, wananchi wanatuma taarifa za mafuriko kwa simu na zinatokea kwenye ramani ambayo kila mtu anaiona. Sisi tuanze na kalamu ya wino mzito. Mzazi akiulizwa na mtoto wake kwa nini mtaro umejengewa ukuta, naye atakwenda kuuliza.

Wiki yangu ya mwisho tulichora kwenye manila njia za kukimbilia mlimani maji yakija usiku. Yule binti ndiye aliyeongoza, ana mkono mzuri. Alichora msikiti, kisima, duka la Mpemba, mtaro uliojengewa ukuta, vyote. Nyumba yao hakuichora. Pale pana nafasi nyeupe tu.

Sikumlazimisha. Ninyi wadau mngemwambia nini?

Nawasilisha.